Milango mingi ya ualimu, mazoezi machache

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu

Katika darasa la pili la shule moja ya msingi wilayani Korogwe, mkoani Tanga, mwanachuo wa ualimu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alisimama mbele ya watoto zaidi ya themanini, shati lake limepigwa pasi, andalio la somo limejazwa kila safu na kuwekwa juu ya meza, na vizibo vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwa uzi, kumi kumi, vikining'inia kando ya ubao. Somo lilikuwa kutoa namba za tarakimu mbili. Akaandika: 52 – 27.

Mtoto wa dawati la mbele, aliyekuwa amenyoosha kidole kwa shauku nyingi, akaenda ubaoni akaandika 35. Mwanachuo akasema si sahihi, akamwambia aketi, akamwita mwingine. Huyu akaandika 25, darasa likampigia makofi, kipindi kikaendelea. Mkufunzi aliyeketi nyuma na fomu yake ya tathmini alitia alama palipohusu zana, palipohusu sauti na palipohusu matumizi ya ubao, na alama zenyewe zilikuwa nzuri.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu mwenyeji wa darasa, mama wa makamo ambaye karibu umri wake wote wa kazi ameutumia katika madarasa ya chini, alimwita yule mtoto wa 35 pembeni akamwuliza kwa upole alivyofanya. Mtoto akaeleza bila kusita: kwenye mamoja kuna mbili na saba, ukitoa ndogo katika kubwa unapata tano, kwenye makumi kuna tano na mbili, unapata tatu.

Kumbe mtoto hakukisia. Alikuwa na kanuni yake, kanuni iliyomtosha katika kila hesabu aliyopewa hadi siku ile, na ambayo ingemwangusha tena kesho na keshokutwa lau hakuna ambaye angeitambua. Mama yule akatungua vizibo, akahesabu naye mafungu matano na vizibo viwili vya pekee, akamwomba avitoe saba. Na mtoto alipoona kwamba viwili havitoshi, mwenyewe akafungua uzi wa fungu moja.

Kujua kwamba kosa la mtoto lina sababu, na kwamba sababu hiyo huulizwa kabla ya kosa kusahihishwa, ndiyo kazi yenyewe ya ualimu. Ilimu hiyo haimo katika cheti cha Kidato cha Nne, haipimwi na alama za tahasusi za Kidato cha Sita, na mwanachuo yule, aliye kijana mwerevu na mwenye bidii, alikuwa karibu kuhitimu bila ya kuipata.

Watu kumi na wanne kwa nafasi moja

Kadhia ya nani astahili kuitwa mwalimu, na apite njia gani kabla ya kukabidhiwa watoto wa watu, imerudi kuzungumzwa kwa mkazo nchini Tanzania tangu mwanzo wa mwaka 2025, pale Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilipoendesha usaili wa kada ya ualimu kwa nafasi 14,648, na waombaji wakawa zaidi ya 201,000.

Waombaji hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa na vyeti vilivyotolewa na vyuo vinavyotambuliwa na Serikali, na mitihani yao ilisimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania au na vyuo vikuu vyenye ithibati. Wamo waliohitimu mwaka 2015, na katika miaka hii ya kungoja wameendesha bodaboda, wameuza mitumba, wamefundisha tuisheni vibarazani, au wamejitolea katika shule za vijiji vyao kwa posho inayochangwa na wazazi, mwezi mmoja ikipatikana na mwezi wa pili isipatikane.

> Kwa kila nafasi moja walisimama waombaji wapatao kumi na wanne, na kila mmoja wao alikuwa na cheti mkononi.

Hadi miaka kumi hivi iliyopita mambo hayakuwa hivyo. Mhitimu wa ualimu alikuwa akirejea kwao, akakaa miezi kadhaa, kisha orodha ya ajira mpya ikatoka, naye akalitafuta jina lake na kuona amepangiwa halmashauri gani. Aliyezaliwa Moshi akajikuta Kibondo, wa Lindi akajikuta Tarime, na taabu yao ya wakati huo ilikuwa nauli na godoro. Chuo ndicho kilichokuwa mlango wa kazi. Sasa chuo kimekuwa mlango wa kwanza tu. Nyuma yake kuna usaili, na nyuma ya usaili, kwa mujibu wa sheria iliyoanzisha Bodi ya Kitaaluma ya Walimu mwaka 2018, kuna usajili na leseni.

Njia zilizopo

Msomaji mwenye kijana aliyemaliza sekondari, ambaye aghalabu husikia maneno yanayogongana kutoka kwa kila anayemwuliza, anastahiki kuelezwa njia hizo kwa utulivu.

Iliyotoa walimu wengi zaidi wa shule za msingi ni astashahada, ile ambayo walimu wenyewe huiita Gredi A: kijana wa Kidato cha Nne aliyefaulu huingia chuo cha ualimu kwa miaka miwili, akasomea ufundishaji wa masomo yote ya msingi kwa Kiswahili, akatoka na sifa ya Daraja la Tatu A. Zamani hata Daraja la Nne la ufaulu lilipokewa. Karibu na mwaka 2014 mlango ukabanwa, ikawa sharti mwombaji awe na Daraja la Kwanza hadi la Tatu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, imekusudia kwenda mbele zaidi, ili hata mwalimu wa awali na wa msingi awe na stashahada.

Stashahada yenyewe, kwa desturi, ni miaka miwili baada ya Kidato cha Sita, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotoa walimu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Juu yake ni shahada ya ualimu ya miaka mitatu, inayotolewa Dar es Salaam, Dodoma, Mkwawa, Chang'ombe na kwingineko; na kwa aliyesoma shahada isiyo ya ualimu, tuseme ya kemia au ya kilimo, ipo stashahada ya uzamili ya elimu, ya mwaka mmoja hivi, ambayo humpa haki ya kuingia darasani. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na taratibu zake za ajira, ijapokuwa mashaka yake katika jambo hili hayako mbali na ya Bara.

Ngazi ya mshahara huandamana na ngazi ya cheti, wala si na ugumu wa kazi. Mwenye astashahada huanzia TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Kwa hiyo mwalimu hodari wa darasa la kwanza, yule awezaye kumfanya mtoto asiyejua herufi asome sentensi nzima kabla ya mwaka kwisha, akitaka kujiendeleza hujiandikisha Chuo Kikuu Huria, akasoma usiku na wakati wa likizo kwa fedha zake, akapata shahada ya historia au ya jiografia, kisha akaomba kuhamia sekondari. Hakuna wa kumlaumu, kwani ana watoto wa kusomesha na nyumba ya kujenga. Lakini darasa la kwanza limempoteza, na aliyemfuata huanza upya.

Ijaza, Kiungani na Makerere

Kabla ya cheti kuwa karatasi ya Serikali, pwani hii ilikuwa na utaratibu wake wa kumtambua mwalimu. Mwanafunzi wa elimu ya dini, akiwa Lamu katika msikiti wa Riyadha au Unguja katika madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir huko Ukutani, hakuketi mbele ya wanafunzi kwa sababu ya miaka aliyoimaliza. Alisoma kitabu kwa sheikh wake, akakirejea, akaketi pembeni sheikh akisomesha, akasomesha wadogo sheikh akisikiliza, hata ijaza, yaani idhini ya kusomesha, aliyopewa ikawa ni ushahidi wa mtu aliyemjua, tena aliyekuwa radhi jina lake litajwe pamoja na la mwanafunzi huyo katika silsila ya elimu.

Utaratibu ule haungeweza kuchukua mamilioni ya wanafunzi wa leo, na hapana anayedai hivyo. Ila ndani yake mlikuwa na jambo moja ambalo taratibu zilizofuata zimekuwa zikilipunguza kila zilipobanwa na idadi: mwalimu mpya kulelewa na mwalimu mzoefu, palepale kazini.

Wamisionari wa Kianglikana waliofungua Kiungani, Unguja, mwaka 1869, kwa watoto waliookolewa katika utumwa, walikuwa na nia ya kupata walimu na makasisi kutoka miongoni mwa watoto wale wale, na chuo hicho kikahamia Minaki mwaka 1925. Makerere ikafuata kwa Afrika ya Mashariki nzima. Ni huko ndiko Julius Nyerere aliposoma stashahada ya ualimu baina ya 1943 na 1945, kisha akafundisha Tabora na, baadaye, Pugu. Njia zote hizo zilikuwa nyembamba. Waliopita walikuwa wachache, na nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 haikuweza kujitosheleza kwa wachache.

Haraka tatu

Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Uamuzi huo ni katika mambo matukufu yaliyofanywa na taifa hili, nami nalisema hilo bila ya kusitasita. Ila walimu hawakuwepo.

Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa darasa asubuhi na masomo yao wenyewe mchana, wakifuata maelekezo ya posta na ya redio, wakitembelewa na waratibu, na mwishoni wakikaa chuoni kwa wiki chache tu kabla ya mtihani. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watu waliwaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo, kwa miaka mingi baadaye, lilitamkwa kwa bezo wasilostahiki.

Wengi wao walijifunza kazi wakiwa kazini, kijijini kwao, mbele ya wazazi waliowajua. Na wapo waliostaafu hivi karibuni wakiwa walimu wakuu wenye kuheshimika. Walichokosa si akili. Walikosa mtu wa kuketi nyuma ya darasa akawaambia, kwa siri na kwa wema, ni wapi walipompoteza mtoto.

Haraka ya pili ilikuja na mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004. Shule za kata zikajengwa kwa nguvu za wananchi, na vijana waliotoka Kidato cha Sita wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja na leseni ya kufundishia. Wanafunzi wao, ambao siku zile walikuwa wakiongeza salio la simu kwa njia ya haraka iliyokuwa imeingia sokoni, wakawapa jina la Voda Fasta. Jina likawaganda. Kijana wa miaka ishirini, aliyefundishwa mwezi mmoja, akasimama mbele ya kidato cha tatu kufundisha fizikia kwa Kiingereza, watoto wakimwita hivyo kwa sauti ya chini kila anapogeukia ubao: ni aibu iliyobebeshwa mtu asiyeitunga.

> Mwezi mmoja wa mafunzo, kisha fizikia ya kidato cha tatu.

Ya tatu ilijaribiwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2014, kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA kwa vijana wa Kidato cha Nne. Nia ilikuwa kuziba pengo ambalo kila mkuu wa shule nchini analijua. Mwishoni mwa Mei 2016 zaidi ya 7,000 kati ya wanafunzi hao waliamriwa kuondoka chuoni, na waliopata nafasi ya kuendelea wakasambazwa baadaye katika vyuo vya ualimu.

Ukizitazama haraka hizo tatu kwa pamoja, utaona kwamba kila mara kilichotangulia ni idadi ya wanafunzi, kikafuata kilio cha upungufu, kikafuata kifupisho. Na kila mara kilichofupishwa ni mafunzo ya mwalimu, hasa ile sehemu ya kusimama darasani akiangaliwa.

Hoja za pande mbili

Wanaotetea usaili wana hoja zisizofaa kupuuzwa. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, sharti pawe na kipimo, na kipimo cha mtihani wa mchujo na mahojiano, kinachomkabili kila mwombaji sawasawa, kina insafu kuliko barua ya mjomba. Tena vyuo vimekuwa vingi, vya Serikali na vya watu binafsi, na alama za chuo kimoja si lazima zilingane na za kingine. Nchi hii pia haijasahau Aprili 2017, ilipotangazwa kwamba watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Tangu siku hiyo neno la uhakiki limekuwa na uzito wake.

Kwa upande wa pili wamesimama walimu wasio na ajira, ambao mwanzoni mwa 2025 walijikusanya chini ya jina la NETO na kutaka usaili uondolewe. Wanasema: tumekwisha kufanya mtihani, tena wa Taifa, tumekwisha kukaguliwa darasani, mlitualika katika kazi hii mkisema nchi ina upungufu wa walimu, na upungufu haujakwisha. Wanaongeza kwamba aliyehitimu mwaka 2015, ambaye vitabu vyake vimeliwa na mchwa na mitaala imebadilika akiwa mtaani, anashindanishwa na aliyetoka chuoni mwezi uliopita, ambaye madaftari yake bado yako mezani.

Kuna upande wa tatu usiosikika sana, nao ni wa walimu wakuu. Mwalimu mkuu mwenye madarasa saba na walimu watano haulizi mwalimu ajaye ana ngazi gani. Anauliza lini anakuja, na je, ataweza darasa la kwanza?

Rai yangu ni hii. Usaili unaweza kuwachuja watu, hauwezi kuwafundisha. Karatasi ya maswali na dakika chache mbele ya jopo vitaonyesha nani anakumbuka saikolojia ya elimu na nani amesahau, lakini mwanachuo wetu wa Korogwe angefaulu mtihani huo vizuri sana, na mtoto wa 35 angebaki na kanuni yake. Serikali imetia mlango mpya mwishoni mwa njia, ilhali kasoro iko katikati ya njia.

Shahada mbele ya darasa la kwanza

Mfano wa karibu upo wa cheti kikubwa kisichotibu kasoro hiyo. Mwaka 2017, baada ya kubainika kwamba walimu wa masomo ya sanaa katika sekondari wamezidi ilhali shule za msingi zina uhaba, iliagizwa kwamba waliozidi wahamishiwe msingi. Kwa hesabu ya vyeti, shule za msingi zilipata neema: mwenye shahada anachukua nafasi ya mwenye astashahada.

Darasani mambo yalikuwa mengine. Mtu aliyejifunza kufundisha historia ya vita vikuu kwa vijana wa miaka kumi na saba, tena kwa Kiingereza, alikutana na watoto wa miaka sita wasiojua kushika penseli, akatakiwa kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Nani aliwahi kumwonyesha namna ya kumtenganishia mtoto sauti ya b na ya d, au nini cha kufanya kwa mtoto anayeimba silabi zote kwa moyo lakini hajui hata moja ukimfunikia nyingine? Walioweza waliwaendea wenzao wa Gredi A, wakaketi nao, wakajifunza kwa unyenyekevu. Wengine waliona wameshushwa, na huzuni yao iliingia nao darasani kila siku.

Sipingi kupandishwa kwa sifa. Mwalimu wa watoto wadogo kusoma zaidi ni jambo la heri, na mshahara wake kupanda ni haki iliyochelewa. Ninachokihofia ni kudhani kwamba stashahada ni astashahada iliyorefushwa, yenye nadharia nyingi zaidi na kurasa nyingi zaidi, huku ile sehemu ya darasani ikibaki palepale.

Wiki chache za BTP

Sehemu hiyo, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, wanachuo huiita BTP. Kwa kawaida, kila awamu haizidi miezi miwili. Mwanachuo hupangiwa shule, akajitafutia chumba, akajipikia. Huandika azimio la kazi na maandalio ya masomo, hutengeneza zana kwa maboksi na vizibo, hufundisha, na hungoja siku ambayo mkufunzi atakuja kumkagua. Siku hiyo somo huwa limerudiwa, watoto wameonywa, na ubao umeoshwa.

Mkufunzi naye ana wanachuo wengi katika shule zilizotapakaa, na barabara za masika hazimngojei. Akifika huketi kipindi kimoja, akajaza fomu, akampa mwanachuo nasaha za dakika kumi chini ya mwembe, akapanda pikipiki kwenda shule nyingine. Ni watu wa kazi nzito, na wengi wao huifanya kwa moyo safi. Lakini kipindi kimoja kilichoandaliwa ni ushahidi mdogo mno wa kumtoa mtu awe mwalimu kwa miaka thelathini na tano.

> Siku ya kukaguliwa somo huwa limerudiwa, watoto wameonywa, na ubao umeoshwa.

Aliyeko pale siku zote ni mwalimu mwenyeji, na huyo ndiye ambaye utaratibu wetu umemsahau. Hapunguziwi vipindi, hapewi mafunzo ya kulea mwenziwe, na neno lake lina uzito mdogo katika alama za mwisho. Mwenye vipindi thelathini kwa wiki akiletewa mwanachuo, ni nani atakayemlaumu akimkabidhi darasa zima na kwenda kusahihisha madaftari yaliyorundikana?

Taaluma nyingine hazikubali hivyo. Daktari akimaliza miaka yake ya chuo kikuu hutumikia mwaka mzima wa utarajali hospitalini, chini ya macho ya waliomtangulia, kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mwanasheria hupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kabla hajawa wakili. Kosa la mwalimu halionekani siku ileile. Huonekana miaka minne baadaye, mtoto anapofika darasa la sita hawezi kutoa 27 katika 52, na wakati huo hakuna akumbukaye lilianzia wapi.

Mwaka 2028 unakaribia

Kinacholipa jambo hili uharaka wake ni kalenda. Katika sera mpya elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Kwa mpangilio huo, mwaka 2028 wahitimu wa darasa la saba wa utaratibu wa zamani na wa darasa la sita wa utaratibu mpya wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mtaala wenyewe, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta mkondo wa amali unaotaka walimu wa ufundi, wa kilimo na wa biashara, ambao tangu hapo walikuwa adimu.

Ni wimbi jingine, kubwa, na linajulikana mapema. Mwaka 1974 nchi haikuwa na walimu waliosomea wa kuwaita. Mwaka 2004 haikuwa nao wa kutosha. Safari hii wapo, wamesoma, na majina yao yako katika kumbukumbu za maombi ya ajira. Walimu wa fizikia na hisabati hawatoshi kati yao, na hilo litaendelea kutaka juhudi zake, ikiwamo mikopo ya stashahada iliyoanza kutolewa kwa fani za kipaumbele katika mwaka wa masomo 2023/2024. Lakini kwa madarasa ya chini watu wapo.

Kwa hiyo hoja ya kukosa muda, iliyowatetea waliotutangulia, haitatutetea sisi. Yawezekana mhitimu anayengoja apewe mwaka mmoja wa utarajali katika shule yenye uhaba, kwa posho ya kueleweka inayotoka Serikalini badala ya mchango wa wazazi, chini ya mwalimu mwenyeji aliyechaguliwa kwa umahiri wake. Na mwishoni mwa mwaka tathmini ya mwenyeji huyo, ya mwalimu mkuu na ya mkufunzi zikae pamoja na alama za usaili. Anayejitolea sasa, ambaye kwa miaka mitatu amefundisha darasa la pili bila mshahara, angekuwa na ushahidi wa kuuonyesha jopo, tena ushahidi mzito kuliko karatasi ya mchujo.

Mwalimu mwenyeji apunguziwe vipindi na alipwe kwa kazi hiyo ya ziada. Shahada isiwe njia pekee ya kupanda ngazi kwa aliyebobea katika madarasa ya chini. Kulea walimu tarajali kuhesabiwe katika upandaji wake wa daraja, ili aweze kupata heshima na kipato bila kulihama darasa la kwanza.

Tatizo ni la nani alipe, na hapa ndipo mipango mingi imekwama. Vyuo vya ualimu na wakufunzi wako chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Shule na mwalimu mwenyeji ziko chini ya TAMISEMI, kupitia halmashauri. Madaraja na nidhamu ya walimu viko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na usaili uko Sekretarieti ya Ajira. Mwanachuo wa BTP ni wa taasisi moja, darasa analofundisha ni la nyingine, na mama anayemsaidia hayumo katika fungu la yeyote kati yao kwa kazi hiyo. Mafungu hayo husomwa Bungeni Dodoma kila mwaka, wizara moja baada ya nyingine, na mbunge yeyote aweza kusimama akauliza posho ya mwalimu mwenyeji imeandikwa katika kifungu gani.